Siendi Isaka

Jumatatu, 4 Julai 1983. Masumbwe.

Nesi amekuja tena kabla sijanawa uso. Nikamwomba anipe bakuli la maji lililo dirishani. Akasema, hapana Mwalimu, liko karibu na wewe kuliko mimi. Uongo. Nimelifuata mwenyewe na fimbo yangu, nimeshika kitanda, nimeshika ukuta, nimemtukana kimoyomoyo. Yeye kasimama mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Maji baridi.

Anaitwa Veronika. Anatumwa na zahanati ya misheni, anazunguka na baiskeli kwa wazee waliotoka hospitali. Kazi yake ni kututunza majumbani. Mpaka leo sijaona alichotunza.

Jumanne, 5 Julai

Paja linauma. Hospitali walinilaza chali na kamba na mawe ya uzito mpaka nikachoka kutazama dari. Mfupa umeunga, wanasema. Mguu wenyewe umekonda, siutambui. Niliteleza kisimani na ndoo kichwani, mbele ya watu niliowafundisha kusoma. Aibu ile bado haijapoa.

Yustina alitaka kunitoa hospitali moja kwa moja, twende kwake Isaka. Ndiye mwanangu pekee. Nilikataa. Alilia, nami nililia, kisha tukapatana. Malori ya pamba yakianza kupita huku, atakuja kuniona. Akikuta najipikia na najihudumia, nabaki kwangu. Akikuta nalishwa, napanda lori. Lori lenyewe analiendesha mumewe, kwa hiyo usafiri upo tayari. Kinachosubiriwa ni mguu wangu.

Alhamisi, 7 Julai

Leo Nesi ameniuliza kwa nini sitaki kwenda kwa mwanangu, wakati wazee wengine wanalilia kuchukuliwa. Nilimjibu ovyo. Baadaye, alipokuwa anafunga mkoba kwenye baiskeli, nikamwita nikamweleza.

Mkwe wangu Masanja ni mtu mwema. Hiyo ndiyo shida. Angekuwa mkorofi ningekwenda kwa furaha nikamkere. Tangu amwoe Yustina hatujawahi kutazamana usoni. Tukikutana njiani yeye anaacha njia, mimi najifunika kanga. Ndivyo tulivyolelewa, yeye na mimi, na hakuna kati yetu atakayeanza kukosa adabu uzeeni. Sasa Isaka wana vyumba viwili, ua mmoja, choo kimoja. Kila nikitaka kutoka, mtu achungulie kwanza kama mkwe yuko uani. Nikikohoa, atatoka nje. Mwisho wake Masanja atalala kwenye lori ili mimi nipumue, na mimi nitakaa chumbani kama gunia la mpunga. Nitakufa kwa kuheshimiwa.

Veronika hakucheka. Alisema tu, basi Jumamosi tunaanza na jiko.

Jumamosi, 9 Julai

Siwezi kuchuchumaa, na mafiga yangu yako chini. Veronika amesomba matofali ya udongo kwa baiskeli, machache machache, akienda na kurudi. Kajifunga kanga juu ya gauni lake jeupe, kakanda udongo kwa miguu. Kwanza alinipima kwa kamba, kutoka kiwiko mpaka sakafuni, kama fundi cherehani. Jiko linanifika kiunoni. Pembeni amechimbia vijiti viwili vya panda vishike sufuria isizunguke wakati wa kusonga.

Mama Kulwa, jirani yangu, alikuja kutazama. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwanamke anasonga ugali amesimama wima, kama mpishi wa jela. Nilicheka naye. Halafu nikagusa jiko likiwa bado bichi, nikaona lipo sawasawa na mikono yangu.

Jumatano, 13 Julai

Vita. Tangu nirudi, Mama Kulwa ananiletea chakula kila mchana. Matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, au ugali na mlenda, na karanga zake za kusaga ambazo hakuna mfano. Leo Nesi amemwomba aache.

Mama Kulwa alikasirika, na ana haki. Hapa kwetu mtu asiyempelekea jirani mgonjwa chakula anasemwa mpaka kanisani. Alimwuliza Nesi kama anataka watu wamwone ana roho mbaya. Kusema kweli nilikuwa upande wa Mama Kulwa, na upande wa matobolwa.

Veronika alimpigia magoti. "Mama, usiache kuja," alimwambia. "Njoo mikono mitupu, ule alichopika yeye."

Mama Kulwa aliondoka bila kuaga. Nimeshinda na njaa, nimekunywa uji niliojikorogea. Ulikuwa na madonge.

Jumapili, 17 Julai

Nimesonga ugali. Laini mno, ungeweza kumwagika. Wakati wa kula Mama Kulwa akatokea, amenuna, mikono mitupu. Alikula wote. Akasema ni mbaya, akasema kesho atakuja kuona kama umekuwa na afadhali.

Nilifurahi kuliko siku ile walipoandika jina langu kuwa mwalimu mkuu.

Ijumaa, 22 Julai

Kisimani, mara ya kwanza tangu kuanguka. Kichwani siwezi tena, mkono mmoja uko kwenye fimbo. Veronika kanifunga dumu dogo mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Watoto wa njiani walinifuata wakiniimbia bembelezi. Niliwatazama kwa jicho la darasani, wakanyamaza wote.

Pale kwenye utelezi nilikita fimbo. Nilisimama. Nikatazama chini, na hapo ndipo nikagundua kitu. Mikono ya Veronika iko nyuma siku zote, lakini miguu yake daima iko upande wa mguu wangu mbovu, nusu hatua tu kutoka kwangu. Nikianguka, nitamwangukia yeye. Nikakumbuka chumbani, nikakumbuka jikoni, nikakumbuka choo. Kote alisimama upande huohuo. Na mimi nimekuwa nikimhesabia kwamba hafanyi kazi.

Sikumwambia. Nilirudi na maji yangu, nikamkorogea uji, safari hii bila madonge, nikampa kikombe kikubwa.

Jumatatu, 25 Julai

Utingo wa lori la pamba amesimama mlangoni na ujumbe kutoka Isaka. Yustina amekaribia kujifungua, barabara hii haiwezi. Alhamisi atakuja Masanja, peke yake. Aangalie hali, na kama inabidi, anichukue.

Nimeogopa. Yustina angeingia jikoni akaniona kwa macho. Masanja ataona nini? Haingii uani kwangu. Hawezi kunitazama. Atakaa barabarani, ataletewa chakula kizuri, na atasema moyoni, huyu Nesi anapika vizuri. Hata mimi ningesema hivyo. Na mkwe akisema twende, siwezi kutoka nje nikabishana naye.

Nimelia mbele ya Nesi, tena kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza mkwe akija huwa anakaa upande gani. Nimemwambia, kwenye kigogo, ng'ambo ya barabara. Nikaona ameuliza upuuzi.

Alhamisi, 28 Julai

Nimechoka, lakini lazima niandike leo.

Lori lilifika asubuhi. Masanja kalisimamisha mbali kidogo, kaenda kukaa kwenye kigogo, nyumba kaipa mgongo. Mume wa Mama Kulwa alinichinjia kuku, akaenda zake shambani. Nikamgeukia Nesi nimwombe hata kunyonyoa tu. Hayupo. Mama Kulwa naye hayupo. Nikachungulia dirishani. Wote wawili wamebeba vigoda, wameketi mbele ya Masanja kule barabarani, ungo katikati, wanamenya karanga na kuongea habari za mvua.

Nilichemka kuliko maji ya kuku. Siku yenyewe ndiyo hii, na wameniacha. Nilitaka kuita, lakini mama mkwe hapigi kelele mkwe akiwa nje. Basi nikanyonyoa. Nikakata. Mwiko ulinianguka chini, nikauacha hukohuko, nikachukua mwingine. Moshi ulinijaa machoni. Nilisonga ugali kwa hasira, na ukatoka mgumu, mzuri, wa kupigiwa mfano. Sikumbuki kama mguu uliuma.

Nilipomaliza niligonga kifuniko cha sufuria. Veronika akaja, akabeba sinia. Akampelekea. Akarudi kwenye kigoda chake.

Masanja alikula taratibu. Akanawa. Akasimama, nyumba bado kaipa mgongo, akaongea na Nesi kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mbali.

"Nesi, tangu nimefika wewe uko hapa mbele yangu. Na mama huyu pia. Mikono yenu nimeiona muda wote." Akajifuta mikono. "Basi mwambie mama nimekula chakula chake, nimeshiba. Nitamwambia Yustina mama yuko kwake, na abaki kwake."

Nilishika jiko kwa mikono miwili. Sasa ndipo nikaelewa swali la Nesi kuhusu kigogo. Hakutaka nionwe. Alitaka wao waonwe. Masanja asingeweza kunitazama hata kwa kulazimishwa, kwa hiyo Veronika alimpa cha kutazama, mikono yake mwenyewe na ya jirani yangu, na adabu yetu ikabaki salama.

Lori limeondoka. Masanja ameacha kipande cha sabuni na sukari kidogo kwenye kigogo, vitu ambavyo siku hizi havionekani dukani. Baadaye nilimwambia Veronika kwamba nilitaka kumchapa na mwiko. Amecheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Ana mwanya. Nilikuwa sijui.

Nampenda yule binti. Nimeandika, imeisha.

Jumanne, 2 Agosti

Veronika ameaga. Kuna mzee njia ya kwenda Runzewe amepooza upande mmoja, hataki kuhamia kwa wanawe. Kwangu kazi imekwisha, anasema. Nilimwambia kwa ukali kwamba ni vizuri, nimechoka kuamshwa. Akasema ndiyo Mwalimu.

Yustina amejifungua salama. Mtoto wa kike.

Jumapili, 7 Agosti

Nimekwenda misa kwa miguu yangu. Kurudi nilijitenga na wenzangu, wanatembea haraka na wanaongea sana. Upepo na vumbi.

Pale kwenye mteremko wa kokoto, nikiwa juu bado naupima, Veronika akanipita na baiskeli, akienda kwa yule mzee. "Shikamoo Mwalimu." Nikaitika marahaba. Hakusimama.

Nilibaki pale juu nikimtazama. Nilitaka kuona kama atageuka kuangalia ninavyoshuka. Alifika chini, akapita mashamba ya pamba, akakata kona.

Hakugeuka.

Nikashuka. Nimefika nyumbani, nimekoka moto, maji ya ugali yako jikoni yanatokota. Nikimaliza kula nitalala kidogo.