Nyimbo Kumi na Mbili za Mwalimu Tharcisse

Euless, 3 Machi 2004

Binti yangu Annonciata,

Kabla ya salamu, pokea hili nililolificha: nyimbo za kwaya wanazoziita zangu sikuzitunga mimi.

Sasa nikusalimu, wewe, mume wako na watoto. Ndugu yako Josué ananitunza vizuri, ila figo zimechoka. Daktari haongei tena habari za mwakani.

Mtunzi anaitwa Leander Pruitt, Mweusi wa Houston, aliyepiga piano kwenye baa akafa mwaka 1912, hajafika miaka arobaini. Mmisionari Mwamerika aliacha kitabu cha noti za muziki wa Pruitt huko Bukavu nilipokuwa nikifundisha. Muziki huo ni ragtime: mkono wa kushoto unashika hatua sawasawa, wa kulia unaingia katikati ya hatua, unachelewa kwa makusudi. Mimi niliupunguza mwendo, nikaunyoosha mkono wa kulia, nikatia maneno ya Zaburi. Kwetu, anayewaandikia wanakwaya karatasi ndiye huitwa mtunzi. Waliponiita hivyo nilinyamaza.

Kanisa letu la Dallas linachapa kitabu cha nyimbo kumi na mbili chenye jina langu. Jumapili nitamwambia Pasta Zéphyrin aandike la Pruitt. Nimeanza na wewe.

Baba yako,
Tharcisse

Pearland, 14 Machi 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa figo. Sisi wazima, ila zamu za hospitali ni ndefu.

Barua yako niliisoma ndani ya gari, nikacheka peke yangu. Mama Apolonia wa sauti ya kwanza hufumba macho akiimba, kumbe anaimba muziki wa baa! Nilipata kanda ya Pruitt maktaba, nikaisikiliza nikienda kazini. Wa tatu ni wimbo wetu wa sadaka kabisa, ila una mbio.

Baba, kwa nini useme sasa? Pruitt hana wa kumlilia, nawe watu watakuteta hata siku ya mazishi yako. Lakini nakujua, utasema tu. Basi niachie mmoja: ule tuliomzikia Mama. Sijausikia kwenye kanda. Watoto wangu wanajua babu yao aliutunga kwa uchungu wake. Andika kwamba huo ni wako.

Binti yako,
Annonciata

Euless, 9 Aprili 2004

Binti yangu,

Natumaini mko salama. Mimi nimelazwa mara mbili, lakini kichwa na mkono bado ni vyangu.

Nilisema mbele ya wazee wote wa kanisa. Mzee Aimable alitoka nje na hajanisalimu tangu hapo. Pasta Zéphyrin akasema, "Mwalimu, kwa hiyo miaka mitano umetuchezesha dansi na Biblia mkononi." Jina la Pruitt litachapwa juu ya kila wimbo. Mimi nitaandikwa chini, kama aliyetia maneno tu. Nalala vizuri.

Ombi lako ndilo lililonichelewesha. Ningeweza kukubali, na hakuna ambaye angejua. Lakini siku ile ya mazishi sikuwa na noti hata moja ndani yangu. Watu walikuwa wanangoja, nikafungua kitabu ukurasa wa mwisho, kipande ambacho Pruitt mwenyewe aliagiza kipigwe polepole. Katika muziki sikubadilisha kitu. Wimbo wa mama yako ni wa Pruitt pia.

Baba yako,
Tharcisse