Ndoo ya senene niliyoifungua peke yangu

Muleba, Jumanne 19 Novemba 2024. Asubuhi manyunyu, ukungu mpaka barabarani. Jua halikutoka kabisa.

Naogopa. Naanza na hilo ili niweze kuandika mengine.

Kazi yangu ni kupokea mizigo inayoshushwa na mabasi. Jumapili mchana ilishuka ndoo ya plastiki kutoka Bukoba, mfuniko umezungushiwa selotepu, juu imeandikwa jina la Ma Koku wa Kagoma. Ndani kulikuwa kunakwaruza. Sikuhitaji kuambiwa kuwa ni senene, tena wazima. Lakini mfuniko haukuwa na tundu hata moja, na ndoo ilikuwa ya moto nilipoishika. Nikampigia Ma Koku, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani.

Mtu yeyote wa huku anajua senene wakifungiwa hivyo, kesho yake ni uozo. Nikakata selotepu, nikawamimina kwenye gunia, nikalitundika penye upepo. Mabawa na uchafu uliobaki chini ya ndoo nikaumwaga kwenye shimo la taka nyuma ya stendi, nikaisuuza ndoo.

Utaratibu wa ofisi naujua: mzigo wa mtu haufunguliwi mpaka mwenyewe awepo, na ikibidi, muwe wawili. Sikumwita mtu. Sikujiona nafungua mzigo. Nilijiona naokoa chakula.

Jana Ma Koku alikuja kuchukua. Akatega sikio kwenye gunia, akacheka. "Waitu, mwanangu, bado wanaruka! Wewe mama yako alikulea." Akanichotea viganja viwili. Nikawakaanga jioni, nikala wote.

Leo asubuhi alirudi na mwanawe wa kiume, na hakuwa anacheka. Kumbe dada yake wa Bukoba alificha bangili ya marehemu mama yao chini ya senene, ndani ya kipande cha kanga, ili watu wa basi wasijue. Ni ya kuvishwa bibi harusi wao Jumamosi.

Gunia wamelikung'uta lote, bangili haipo.

"Nani alikata selotepu?" kijana akauliza.

"Mimi."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Mama, unasikia? Na senene wetu amekula."

"Nilimpa mimi," Ma Koku akasema, lakini hakunitazama.

"Dada, hata kama hukuiba, kufungua cha mtu bila ruhusa ni kosa. Kesho asubuhi tukutane polisi."

Sijui kama ni kweli sheria inasema hivyo. Niliamini papo hapo.

Walipoondoka nilikwenda shimoni. Taka za juzi zilikuwa zimeshachomwa. Nimechambua majivu kwa mikono, nikapata vizibo vya soda na waya. Sikumbuki kuona kitambaa kwenye ule uchafu. Ila sikumbuki pia kuutazama. Hilo ndilo linaloniogopesha: huenda ni mimi kweli niliyeitupa bangili ya marehemu wa watu.

Bosi wangu, Ta Bona, alinivuta pembeni. "Editha, usijipe kesi. Sema ndoo ilifika mfuniko uko wazi. Selotepu ulitupa, na uliyowaambia wale hayajaandikwa popote, nani atabisha?"

"Na yule wa ofisi yetu ya Bukoba aliyeipokea na kuipakia?"

"Huyo atajibu ya kwake."

Huyo ni Jovina. Tunasalimiana kwa simu kila asubuhi, tunataniana nani ana mabasi mabovu zaidi. Nakiri hapa kwamba nilimwitikia bosi kwa kichwa. Mchana kutwa nilikuwa najifunza kuusema huo uongo, mpaka ukaanza kutoka vizuri.

Jioni Jovina akapiga. Amesikia kuna bangili imepotea. "Shoga, usihofu," akasema, "mimi nitawaambia ndoo ilitoka kwangu imefungwa vizuri, hakuna aliyeigusa." Alidhani ananisaidia.

 Nikasema mtandao unakatika.

Basi, nimeamua. Kesho nitasema selotepu niliikata mimi, nilikuwa peke yangu, na nitawapeleka shimoni wajionee wenyewe. Nikisema hivyo huenda nikalala ndani. Nisiposema, huenda akalala Jovina.

Nimeweka kwenye mkoba sweta, kanga na mswaki. Sijui kama mahabusu wanaruhusiwa mswaki. Nimwulize nani?

Saa saba na nusu usiku. Nalala.