Chupa za Mayai na Kibuyu cha Mama

Dada yangu Moraa,

Nakusalimu wewe na wote walio hapo Manga. Je, mguu umepona? Mara ya mwisho ulisema bado unavimba ukitoka kuchuma chai, na tangu siku hiyo kila nikipanda ngazi za hapa nauwaza huo mguu wako. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeanza kuuma, lakini nina koti zito na chumba kina joto.

Barua hii anakuja nayo yule dada wa Nyanchwa tunayesali naye huku ng'ambo. Yeye amepata ruhusa ya wiki tatu. Nimeona niandike kwa sababu kwa simu tukifika kwa habari za Mama mimi nalia, wewe unalia, halafu mtandao unakatika kabla hatujasema lolote. Naandika Kiswahili kwa kuwa Kigusii nakisema tu. Nikijaribu kukiandika nakiona kama cha mtu mwingine.

Nasikia umewaambia watu wa kanisa kwamba nauza samaki. Siuzi samaki, dada. Natengeneza mayai ya samaki yawe chambo. Mtoni hapa samaki wakubwa hupanda kutoka baharini mara moja kwa mwaka, miezi hii, na wavuvi huwakamata kwa mayai ya samaki wenzao. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilifikiri nataniwa.

Mayai hutoka tumboni yakiwa yameshikana ndani ya ngozi nyembamba, mekundu kama shanga. Nakamua damu kwenye mishipa kwa mgongo wa kijiko, nakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kisha nanyunyiza chumvi, sukari, rangi nyekundu na unga mweupe unaoitwa boraksi. Unga huo ndio unaozuia kuoza, na ndio sababu mayai haya hayaliwi na mtu. Natia kwenye chupa. Baada ya saa moja mayai yanatoa maji yote na kunyauka, hata unadhani umeharibu kazi. Ukivumilia kuigeuza chupa kila baada ya saa chache, kufikia kesho yake yameyanywa maji yale tena na kukaza. Hapo nayaanika kwenye chumba cha baridi mpaka yawe kama mpira, kisha yanaingia kwenye friza. Yanaweza kukaa humo mwaka mzima.

Wiki yangu ya kwanza niliharibu beseni zima. Unakumbuka Mama alivyotufundisha kuosha omena, wale samaki wadogo wa soko la Ekerenyo, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mchanga uishe? Mimi nami niliyafungulia mayai bomba nikayaosha mara tatu, nikijisifu moyoni. Kumbe maji ya bomba ndiyo adui yao. Yalibadilika rangi nikiyaangalia, yakawa meupe na magumu kama mawe. Mzee mwenye duka la chambo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Kwangu usioshe kitu tena. Hata kikombe." Luz, mama wa Kifilipino ninayefanya naye kazi, alicheka hadi akashika ukuta. Mpaka leo ananiita Maji. Asubuhi utamsikia, "Maji, umeamkaje? Leo hujaua mtu?"

Sasa naweza kukueleza kwa nini siji nyumbani.

Wiki iliyopita nilimwendea mzee. Nilimwambia mwaka jana mama yangu alizikwa nikiwa humu ndani ya chumba cha baridi, nimeshika simu kwa mikono yenye rangi nyekundu isiyotoka kwa sabuni, na picha ikakwama jeneza likiwa bado juu ya kaburi. Nilimwambia sikuliona likishuka. Nikamwomba wiki mbili tu, kabla kaka hajabomoa jiko la Mama.

Si mtu mbaya, dada. Alivua miwani akaipangusa. Akauliza nikienda ni nani atakayegeuza chupa, maana Luz mikono yake inamuuma na samaki hawapandi mara mbili. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria vizuri.

"Karatasi zako za kazi ziko ofisi ya uhamiaji na hazijarudi. Ukitoka sasa, mlango si mimi nitakayeufunga. Lakini ukirudi utaukuta umefungwa."

Kibali changu kimeandikwa jina la duka hili, hakuna jingine. Siwezi kufanya kazi hata duka la jirani tunalotazamana. Nikitoka kabla ya kibali kipya kufika, nimetoka moja kwa moja, na watoto wako na wa kaka wanasomeshwa na kazi hii. Kibali kitafika lini, hakuna anayejua. Nikiuliza naambiwa ningoje. Basi naamka, nageuza chupa, nalala, naamka. Hata Sabato nazigeuza, Mungu anisamehe. Najiambia ni kama yule ng'ombe wa Injili aliyetumbukia kisimani, anayetolewa hata siku ya Sabato, halafu najiuliza kama Mama angekubali hesabu hiyo.

Sasa habari ya jiko. Kaka Nyakundi alinipigia akiwa kwenye foleni ya kupima majani ya chai. Alisema paa linavuja upande wa meko, na mwezi wa kumi na mbili watu watakuja nyumbani nao hawana pa kulala, kwa hiyo anataka kujenga vyumba viwili mahali pale. Nilimwambia angoje. Akasema, "Wewe unataka jiko likungoje kama gari linavyongoja abiria? Gari lenyewe lina abiria mmoja, na hajulikani alipo." Nilimjibu kwamba akigusa hata bati moja, mimi si dada yake. Nikakata simu. Mwambie nimejuta. Nitamwambia mwenyewe pia, lakini wewe mtangulie.

Si jiko nililokuwa nalililia, Moraa. Ni kibuyu. Kile kilicho kwenye dari juu ya meko, chenye maharagwe mekundu ya mistari myeupe. Asubuhi niliyoondoka Mama alinipeleka jikoni, akakishusha, akanionyesha mbegu ndani ya majivu. Alisema, "Hizi ni zako. Utazipanda wewe ukirudi." Kila msimu alipanda kidogo kando ya migomba ili apate mbegu mpya, akazirudisha kwenye majivu, akakigeuza kibuyu kila Ijumaa kabla ya jua kuzama. Alipokufa nilikuagiza mtu yeyote asikiguse mpaka nije. Nawe umetii. Mwaka mzima hukuwasha moto mle ndani wala hukupanda dari, kwa sababu yangu.

Juzi nilikuwa nageuza chupa nikakumbuka hilo nikasimama. Bila moshi, wadudu wa fukusi wataingia wazitoboe. Bila kupandwa, mbegu itakufa hata kama inaonekana nzima. Na hapa nina rafu nne za mayai mazuri, mekundu, yaliyokaza, ambayo hayataanguliwa kamwe. Ndiyo kazi yangu, kuyafanya yadumu bila kuwa kitu. Luz aliniuliza, "Maji, mbona unalia juu ya chambo?" Nikamwambia ni boraksi imeniingia machoni.

Kwa hiyo naondoa agizo langu. Kaka abomoe. Lakini kabla ya bati la kwanza kutoka, wewe panda ukishushe kibuyu kwa mkono wako. Mwezi wa pili mvua ikianza, zipande zote, usiniwekee hata moja. Zikizaa, mle, mpike na mahindi kama alivyopenda, kisha zitakazokauka uzitie kwenye majivu juu ya meko yako mwenyewe. Nikija nitapanda za kwako.

Nisalimie Nyakundi na mke wake, na watoto wote, na yule mdogo anayeogopa kuku. Nisalimie shangazi wa Ekerenyo aliyemshikilia Mama kichwa siku ya mwisho. Mwambie nalikumbuka hilo kila siku. Na ukipita kaburini, kaa kidogo kwa niaba yangu, hata ukiwa na haraka.

Mimi mdogo wako, mwenye mikono myekundu,

Kwamboka

Nilikuwa karibu kusahau. Ukimwaga mbegu, majivu uyapepete tu kwa ungo. Usizioshe.