Makofi ya picha iliyokwama

Jumapili, Kaplong

Na wakapiga makofi! Hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote.

Baada ya ibada niliwafungulia waumini gemu yangu kwenye kompyuta ya kanisa, ile kuukuu ya kuchapa programu za matanga. Miaka miwili nimechora shamba letu la chai, kila jani na umande wake, kila tone na kivuli chake. Mchezaji anachuma, anajaza kikapu, anashindana na mvua. Lakini nilikuwa nimeijaribu kwenye mashine yangu ya Nairobi tu, na hiyo haijui kuchoka.

Hapa ilionyesha majani ya kwanza, ikakwama. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Feni ikanguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

Kabla sijasema kitu, Senge, dadake baba, akasimama. "Hii ni shamba yetu kabisa! Ona hata umande!" Mama akafuta machozi. Pasta akamshukuru Mungu kwa picha nzuri.

Walidhani nimewaletea picha hiyo tu. Nami nikasema asante.

Ningepunguza umande, nikachora majani machache na kuyarudia, ingefunguka. Nilijua hivyo tangu mwanzo. Nilitaka tu sifa za watu wenye mashine kubwa, ambao hawajawahi kushika jani bichi la chai.

Sasa hivi Mama amechungulia mlangoni kuniambia lala salama. "Chebet, ukikuja tena, utuletee picha ingine."

Nimemwambia nitaleta.