Chini ya Boriti za Maskati

Baba, shikamoo. Natumai mguu umepata nafuu.

Leo asubuhi tumeondoa miti iliyoshikilia dari jipya la banda la magari ya farasi, kwenye ile nyumba ya makumbusho. Nilisimama chini yake, kama ulivyonifunza: miti ikitolewa, fundi haikimbii kazi yake. Bi Thuwaiba, msimamizi wetu, akanijia juu. "Toka hapo. Likianguka, mamako ntamwambia nini?"

Sikutoka. Mti wa mwisho ukatolewa, boriti zikalia, vumbi likanimwagikia shingoni. Nilipogeuka, nilimkuta Bi Thuwaiba kasimama ubavuni mwangu, kafumba macho.

Dari limeshika. Tangu hapo nimeketi kivulini, nanywa maji tu. Mama mwambie ni joto tu la Maskati linalonisumbua.

Mwanao akupendaye,
Haji