Nyama ya Kachibora

Kitale, 9 Juni 1955. Asubuhi ya ukungu na manyunyu, baridi kali.

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mgongo unaendeleaje, na Mama amepona kikohozi? Mimi ni mzima, ila viatu havikauki.

Uliniuliza kwa nini mimi, niliyeajiriwa kufundisha wanafunzi wa uganga hapa hospitalini, nawapeleka kwenye mazizi ya watu. Hata wao waliuliza. Wafula, kijana wa Lwakhakha mwenye mdomo, alisema mbele ya darasa, "Mwalimu, sisi tumekuja kutibu watu. Ng'ombe si wana daktari wao?" Wote wakacheka. Nikawajibu kwamba mgonjwa anatoka nyumbani kwenye mifugo na maji, na mara nyingi ugonjwa umeanzia huko. Daktari mkuu alinikubalia safari moja tu ya kujaribu.

Jumanne tulikwenda Kachibora kwa Mzee Kiptoo, tuone kisima chake na anavyoweka maziwa. Tulimkuta na furaha. Ng'ombe wake alikuwa ameanguka ghafla alfajiri akafa, na sasa nyama ilikuwa motoni, majirani wakingoja. "Wageni mna bahati! Kaeni, kaeni." Unajua mwenyewe, Baba, kukataa nyama ya mtu ni kumtukana.

Nilitaka kusema, Wafula akanitangulia. Alikuwa akimtazama Kibet, ndugu mdogo wa Mzee. Mkono wa Kibet ulikuwa umevimba, na juu yake kidonda cheusi katikati.

"Hicho kinauma?"

"Hakiumi. Kinawasha tu. Kilianza nilipomchuna yule ng'ombe mwingine aliyekufa wiki iliyopita."

"Mzee," Wafula akasema, "uvimbe mkubwa hivi usiouma si jipu. Ni ugonjwa wa kimeta, na ameupata kwa ng'ombe. Nyama hii isiliwe."

"Yule wa kwanza tulimla sisi wote, na tuko hapa!"

"Mko hapa, lakini angalia mkono wa ndugu yako. Mimi ni Mbukusu, Mzee, na sisi hatujui kukataa nyama. Kuiacha nyama hii kunaniuma kuliko wewe."

Majirani wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliushika mkono wa Kibet, akautazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia mkewe aiepue sufuria.

Vijana wa pale wakaanza kuchimba shimo la kuizika nyama karibu na kijito. Wafula akawazuia. "Si hapo. Mvua itaushusha ugonjwa mpaka majini, na ndama wanakunywa pale." Wakachimba juu, pakavu, shimo refu. Mimi sikuwa nimesema neno, Baba. Sijawahi kujivunia ukimya wangu namna ile.

Kibet tulirudi naye, anachomwa sindano. Daktari mkuu aliposikia habari, alisema kila darasa litakwenda mazizini.

Nawe, ng'ombe akifa ghafla, usimpasue. Mwite bwana mifugo.

Nisalimie shangazi anayeuza ndizi Myanga, na mke wa kaka na mtoto wake mchanga ambaye sijambeba bado.

Mimi binti yako,
Nasimiyu

Nyongeza, 10 Juni. Jana sikuwahi posta. Usiku nilipita wodini, uvimbe wa Kibet umeshuka na amekula ugali wote. Akaniuliza, "Mwalimu, mlizika yote? Hata ini?" Nikamwambia hata ini. Akageukia ukutani, hata hakuniaga. Nilicheka peke yangu mpaka chumbani, nikalala saa tano u nusu.