Kitambaa cha Meza ya Bwana

Jumapili, 25 Agosti 1974

Baada ya ibada mke wa mchungaji mpya amenishika mkono mlangoni. "Mama Verlene, sasa pumzika. Tumenunua kitambaa cha nailoni cha meza ya Bwana. Hakitaki pasi." Anatabasamu kabisa, anadhani amenipa zawadi. Nikamwambia asante. Ningesema nini?

Nimepiga pasi mashati ya wazungu wa mji huu wa Kusini tangu usichana, mpaka dobi aliyeniajiri alipofunga duka. Hakuna shati hata moja lililonifurahisha. Kitambaa kile cha zamani cha kanisa, ninachokipiga pasi kila mwezi, ndiyo.

Jumatano, 28 Agosti

Mvua. Hakuna aliyepita.

Nimekula kunde na mkate wa mahindi nimesimama hapo hapo jikoni. Tangu mume wangu Roscoe afe sioni maana ya kuandaa meza. Mwanangu Lamar hajapiga simu kutoka Detroit, huko kaskazini. Ana kazi, najua.

Niseme ukweli, kinachoniuma si kitambaa. Kila Jumamosi kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya Meza ya Bwana, Idella, mke wa shemasi, huja kukichukua. Hukaa. Hunywa chai baridi ya barafu, huisengenya kwaya nzima, huniambia nakunja pembe kama ninamvika mtoto nepi. Mgeni wangu ni huyo tu. Sasa atakuja kufuata nini?

Jumamosi, 31 Agosti

Nimekipiga pasi hivyo hivyo. Mazoea yana taabu. Nikakitia wanga, nikakikunja alivyonifundisha mama, msalaba uliotariziwa uwe juu. Kimelala mezani, cheupe, hakina pa kwenda. Na mimi sina.

Nimetengeneza chai. Glasi mbili — mjinga mimi.

Gari la Idella! Limesimama nje. Namwona kupitia pazia, anaweka kofia sawa. Labda hakusikia habari za nailoni. Labda amesikia, amekuja kunionea huruma. Sitaki huruma.

Nimekificha kitambaa chini ya mto wa kochi. Kama amekuja, awe amenijia mimi.

Anagonga. "We Verlene! Usijifanye hupo, pasi yako inanukia mpaka barabarani."

Nimemjibu nikiwa huku huku ndani: leo hakuna kitambaa cha kuchukua, dada. Wana cha nailoni.

Nachungulia tena pazia.

Idella amevua kofia, ameketi kwenye ngazi za mlangoni. Gari halijawashwa.